Nitumie na ya kutolea

Kijana anayeniuzia viatu vya mtumba hana fremu wala meza. Anafika soko la Karume, Dar es Salaam, alfajiri, anachagua pea zake, anazipiga picha na kuzirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukipenda, unatuma pesa kwenye namba yake, bodaboda anakuletea mlangoni. Julai 2021 aliniandikia hivi: "Dada, safari hii mpe boda keshi."

Nimemfikiria sana kila ninaposikia semina za ubunifu wa vijana. Duka lake hakulianzisha waziri, lakini ofisi za umma zilimsafishia njia bila yeye kujua. Vodacom ilipoleta M-Pesa mwaka 2008, Benki Kuu haikusema subirini kwanza sheria itungwe. Iliacha huduma ikue huku ikiiangalia kwa karibu, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ikaja 2015. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilianza kupitishiana pesa, Vodacom ikajiunga 2016. Kabla ya hapo, mteja wa mtandao mwingine alikuwa shughuli.

Halafu ikaja bajeti ya 2021/22. Kuisoma ni kama kusikiliza mume na mke walionuniana. Upande mmoja iliondoa VAT kwenye simujanja, vishikwambi na modemu ili wengi zaidi waingie kwenye intaneti. Upande wa pili ikaleta tozo ya miamala, shilingi 10 hadi 10,000, kuanzia tarehe 15 Julai. Yaani nunua simu kwa nafuu, ila ukiitumia kutuma pesa utatukuta hapo mbele.

Tena tozo ile ilipimwa kwa kiasi unachotuma au kutoa. Ada ya mtandao, yenyewe, tayari ilikuwa na ushuru wa asilimia 10 na VAT ya asilimia 18. Mteja alipotuma, alikatwa. Kijana wangu alipoenda kwa wakala kutoa, alikatwa tena. Kwenye pea moja anapata faida ya buku tatu, siku mbaya buku mbili. Ale wapi?

Sipingi lengo. Tuliambiwa fedha zitajenga vituo vya afya na madarasa, na nani asiyetaka? Ila Septemba mwaka uleule tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, mwaka 2022 ikapunguzwa tena, na mwaka huohuo msamaha wa VAT kwenye simu ukafutwa. Mfanyabiashara mdogo apange vipi bei katika mawimbi hayo? Wazee wa pwani walishasema, manahodha wengi chombo huenda mrama.

Majirani zetu Kenya si malaika, wana kodi zao za kuudhi. Lakini tazama mpangilio: 2009 waliondoa VAT kwenye simu za mkononi, mwaka uleule nyaya za intaneti za baharini zikafika Mombasa. Ushuru wa asilimia 10, tena kwenye ada tu, siyo kwenye kiasi unachotuma, ulikuja 2013, M-Pesa yao ikiwa na takriban miaka sita.

Sidai baraza jipya, mabaraza tunayo ya kutosha. Nataka kabla Muswada wa Fedha haujapelekwa bungeni, Wizara ya Fedha, Benki Kuu, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) na TRA (mamlaka ya mapato) wakae meza moja na kujibu swali moja kwa maandishi: tukipitisha hiki, ni miamala ipi itarudi kuwa keshi? Benki Kuu ina takwimu za miamala. Wizara ya Fedha ndiyo inayopaswa kuziomba kabla, siyo baada ya watu kulalamika.

Kijana wangu siku hizi anapokea tena kwa simu, mradi utume na ya kutolea. Wateja wake wa Mbagala ndio hawakurudi kulipa kwa simu. Wanampa boda noti mkononi, naye anazikusanya kwenye mfuko wa koti na kurudi nazo mjini saa tatu usiku.