Aliyenyimwa bunduki dukani, nani anamfuata?

Mwaka 2017 nchini Marekani, maombi ya kununua bunduki yapatayo 112,000 yalikataliwa baada ya FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, kupekua majina ya waombaji. Kudanganya kwenye fomu anayojaza mnunuzi, inayomwuliza kama amewahi kuhukumiwa, ni kosa la jinai. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo ilipofuatilia, ilikuta kesi kama 12,700 tu ndizo zilizofika kwa wapelelezi, na walioshtakiwa na serikali kuu ni watu 12. Kumi na wawili!

Hesabu hiyo inanisumbua hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mji ambao Februari 2025 ulibadili watawala huku askari waliokimbia wakiacha silaha nyuma. Sisi pia tuna sheria ya silaha, ya tangu 1985, inayomtaka raia apate ruhusa ya serikali kwanza. Bunduki nyingi zilizoko mitaani hazijawahi kupita kwenye ruhusa hiyo, lakini swali la utekelezaji ni lilelile.

Wanaosema mashtaka si muhimu wana hoja. Kazi ya upekuzi ni kuzuia bunduki isitoke dukani. Ikizuiwa, lengo limetimia. Kumfuata kila aliyekataliwa kunataka wapelelezi, mahakimu na fedha, tena kuthibitisha kwamba alidanganya makusudi ni kazi ngumu. Kuna aliyedhani hukumu yake ya zamani imekwisha nguvu. Kuna aliyefanana jina na mhalifu. Sisi wa Kivu, ambako akina Bahati na Mugisho wamejaa kila avenue, yaani kila mtaa, tunajua jina linavyoweza kumponza asiye na hatia.

Hata hivyo, mwenye nia ya kuua hakati tamaa kwa kukataliwa mara moja. Katika majimbo mengi ya Marekani anaweza kununua kwa mtu binafsi asiyelazimika kumpekua mteja. Kukataliwa kwake dukani kulikuwa onyo, na onyo lisipomfikia polisi linapotea bure. Mwaka 2022 sheria iliitaka FBI iwaarifu polisi wa eneo husika ndani ya saa 24. Naiunga mkono kabisa. Si lazima kila mwongo afungwe, ila mtu agonge mlango wake.

Kwangu mimi, hata mashtaka hayafikii uzito wa daftari lenyewe, yaani kumbukumbu za wahalifu ambamo FBI hupekua majina. Huko Charleston, Marekani, mwaka 2015, siku tatu za kazi zilipita bila jibu la FBI, na muuzaji akaruhusiwa kisheria kumkabidhi kijana bastola. Aliua waumini tisa kanisani. Miaka miwili baadaye, Sutherland Springs huko Texas, waliuawa watu 26, kanisani tena. Muuaji alikuwa amehukumiwa na mahakama ya kijeshi kwa kumpiga mkewe na mtoto, lakini jeshi la anga halikuipeleka hukumu hiyo kwa FBI. Muuzaji alipekua, na jibu likaja kwamba hana kosa. Roho zote hizo, kwa faili ambalo halikutumwa!

Mimi niliwahi kuomba cheti cha mwenendo mwema komine, yaani ofisi ya manispaa. Nililipa, nikapigiwa muhuri, na karani hakufungua daftari lolote. Anayejua nani alimjeruhi mkewe mwezi jana ni shefu wa avenue, na huyo hakuna aliyemwuliza.

Je, aulizwe kabla mtu hajapewa ruhusa ya bunduki? Hapo nasita. Shefu naye ana shemeji zake na ugomvi wake wa viwanja, na neno lake laweza kumnyima haki mtu aliyemchukia tu. Tena orodha ya wenye silaha, katika mji ambao wakuu wake wanaweza kubadilika kwa usiku mmoja, huangukia mikononi mwa yeyote anayeingia. Kwa hiyo ningetaka shefu atoe neno lake mbele ya hakimu, mwombaji akiwa amesimama palepale na haki ya kujibu, na kinachoandikwa kiwe jina la aliyekatazwa na sababu yake tu.