Dodoso Nambari 27

Watu wa Tanga wenyewe husema waja leo, waondoka leo. Mimi nilikwenda kwa siku tisa kufanya utafiti wa soko la sabuni ya unga, nusura niondoke na mke.

Kazi ukiisikia ni nyepesi. Kampuni inataka kuleta pakiti ndogo, inataka kujua watu wa Ngamiani wanafulia nini na wako tayari kutoa shilingi ngapi. Ugumu uko kwenye masharti. Hubishi hodi nyumba uitakayo. Unafuata mkono wa kulia, unaruka mbili, unaingia ya tatu. Ukishaingia, humhoji aliyekufungulia mlango, maana ripoti nzima itajaa akina mama na wastaafu, ndio wanaoshinda nyumbani mchana. Unaandika watu wazima wote wa kaya, kisha jedwali la Kish linakuchagulia mmoja. Limepewa jina la Leslie Kish, mtaalamu wa takwimu aliyelichapisha mwaka 1949. Likishamtaja mtu, ni huyo huyo, hana mbadala.

Nina hakika Kish hakuwahi kupiga hodi Barabara ya 12.

Ilikuwa Ijumaa. Mjumbe wa kunitambulisha alitoka msikitini moja kwa moja: kanzu nyeupe, kofia ya viua, bakora. Mimi shati la mikono mirefu, kwa amri ya msimamizi, na bahasha ya kaki yenye barua ya utambulisho. Tulipoingia barazani, mjumbe akamwambia mzee wa nyumba, "Nimekuletea kijana. Ana haja yake humu ndani." Kisha akaketi.

Mzee aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akaipapasa, akachungulia ndani. Miwani hakuwa nayo. Nikadhani anatafuta muhuri.

"Haya mwanangu, sema."

"Shikamoo mzee. Kwanza naomba kuwajua watu wazima wote wa humu, umri wao, na nani ameoa au ameolewa na nani bado."

Pazia la mlango wa ndani likatikisika.

Nikaandika watano. Jedwali likaangukia wa tano: binti wa miaka 26, mwalimu, hajaolewa, yuko kazini. Dada yake mkubwa, aliyekuwa anapepeta mchele pale pale, akasema yeye yupo na nafasi anayo. Nikamjibu kwa upole kwamba haiwezekani, namtaka yule yule, na nitarudi hata mara tatu. Sharti ndivyo lilivyo.

"Huyu ana msimamo," mzee akamwambia mjumbe.

Jumamosi nikarudi, binti kaenda harusini. Nikapewa chai na bofulo. Jumapili nikarudi, katoka na wenzake. Nikapewa wali wa nazi na samaki. Mtafiti mwenye akili angejiuliza kwa nini chakula kinapanda daraja. Mimi nilisifu tu ukarimu wa Tanga.

Jumatatu jioni nikamkuta, kazungukwa na shangazi watatu, udi unafuka. Masharti yanataka mhojiwa awe peke yake, wengine wasije wakamjibia. Nikaomba faragha.

Shangazi mkubwa akacheka kicheko kikavu. "Faragha ni baada ya nikaha, mwanangu."

Hapo nilipaswa kushtuka. Lakini nalipwa kwa dodoso, na kwa siku tatu nyumba hiyo ilikuwa haijaniingizia hata senti. Nikasema moyoni huu ni utani wa Kitanga. Nikaanza kusoma neno kwa neno, maana kubadilisha swali hairuhusiwi. Sabuni ilitajwa kwenye sentensi ya kwanza tu, na hiyo ilimezwa na vikohozi vya shangazi.

"Nani hutoa uamuzi wa mwisho katika kaya hii?"

"Mimi," mzee akasema.

"Kwa kipimo cha 1 hadi 5, uko tayari kiasi gani kuacha ulichozoea na kujaribu kipya?"

Binti akasema tatu. Shangazi wakasema tano.

"Mngekuwa tayari kutoa shilingi ngapi?"

Mzee akajiweka sawa kwenye kiti. "Sisi? Si unatoa wewe?"

Nikaandika "hajui", nikafunga dodoso, nikatoa zawadi ya shukrani: doti ya kanga, nikamkabidhi mama. Kampuni ilizinunua kwa jumla Kariakoo, na aliyechagua maandishi simjui mpaka leo. Mama akaikunjua, akasoma kwa sauti: "Hayawi hayawi, yamekuwa." Vigelegele vikapigwa mpaka nyumba ya pili. Nikajisemea, kweli wamependa kanga.

Jumanne msimamizi akampigia mzee simu ya uhakiki, ili ajue kama sikujaza dodoso nikiwa chini ya mwembe. Mimi nipo pembeni, simu iko kwenye spika.

"Kijana wetu alifika?"

"Mara nne."

"Alijitambulisha?"

"Barua tunayo."

"Alimhoji mtu sahihi?"

"Aliyemtaka mwenyewe. Tulimpa mkubwa, akamkataa."

"Aliacha zawadi?"

"Mkaja mama kaupokea. Mimi kilemba changu sijakiona."

Msimamizi alikuwa ameshaweka tiki nne. Kalamu ikasimama. "Kilemba gani?"

Jumatano tulikwenda wawili kuomba radhi, safari hii na pakiti ya sabuni mkononi. Mzee alitusikiliza mpaka mwisho, akaomba miwani, akaisoma ile barua yote, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Binti alichungulia dirishani akauliza kama jibu lake la tatu bado linahesabika. Mama ndiye hakucheka.

"Sabuni nimeisikia," akasema. "Lakini kanga nimeshaikata na kuipinda. Hairudi."

Ile pakiti ya sabuni akaichukua pia.