Alafu bila h

Juzi usiku group la kikoba chetu hapa Ngamiani limemhukumu binti wa watu kwa herufi moja. Herufi h. Tena h ambayo hata haikuwepo.

Kisa chenyewe, kuna mtu alipenyeza barua chini ya mlango wa mwenyekiti, imechapwa steshenari, nusu ukurasa, haina jina, inauliza hesabu za mfuko wa jamii mbona hazisomwi toka mwezi wa tatu. Mwenyekiti badala ya kusoma hesabu akaipiga picha akairusha kwenye group na swali moja tu, nani kaandika haya ? Basi, mfuko wa jamii ukasahaulika hapo hapo, watu wazima na ndevu zao wakageuka wapelelezi. Huyu anasema angalieni kaandika alafu, yule anasema kaandika apo, mwingine kaandika mie, na kwa vile kuna binti anauza mitumba ambae kwake h ni anasa, dakika 40 hazijafika hukumu imeshatoka. Binti anakana, anatuma voice analia, wanamwambia aache unafiki. Saa nne usiku akajitoa.

Kuhusu mie sipotezi muda. Ukiwa Mwanza huko sawa, mie itakuuza, ila Tanga hii nani hasemi mie ? Ni kama kutafuta mwizi Ijumaa mlangoni mwa msikiti na alama uliyopewa ni kwamba kavaa kanzu.

Sikatai kwamba maandishi yanamtaja mtu. Yanamtaja, tena vibaya sana. Wale walioishi zama za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapa Tanga, wanajua, fumbo linaimbwa ukumbini halina jina la mtu na bado kuna mtu anainuka anaondoka. Na sio maneno makubwa yanayokuuza, hayo unayachagua mwenyewe, unaweza kuyaficha. Ni yale madogo yanayotoka yenyewe kama mwendo wa miguu. Wamarekani walikuwa na makala 85 za 1787 na 1788 za kutetea katiba yao mpya, zimesainiwa jina la kubuni Publius, na 12 kati ya hizo zikagombaniwa miaka na miaka, ni za mwanasiasa Hamilton au za mwenzie Madison. Wataalamu wa takwimu, Mosteller na Wallace, wakatoa jibu 1964 kwa kuhesabu maneno ambayo hakuna anaejisumbua nayo. Hamilton alikuwa mtu wa "upon", yaani "juu ya", Madison karibu haitumii kabisa. Zikaenda kwa Madison.

Lakini tuje kwa ile ambayo watu wanaipenda sana, ya Mmarekani Ted Kaczynski. Mabomu yake yameua watu 3 na kujeruhi 23, toka 1978 hadi 1995, FBI wanamtafuta hawamjui. Akalazimisha gazeti lichapishe waraka wake, maneno kama 35,000, Septemba 1995. Shemeji yake, mke wa mdogo wake, ndo alianza kumshuku, mdogo mtu akasoma akakuta humo maneno ya kaka yake, wakatoa barua zake za zamani zikalinganishwa. Watu wakifika hapa wanapiga makofi wanasema umeona, lugha ilimkamata. Haikumkamata ! Lugha ilitoa kibali cha kupekua. Aprili 1996 wameingia kwenye kibanda chake Montana wakakuta bomu na waraka wenyewe. Yaani ndugu wa damu, waliosoma barua zake miaka yote, wana waraka wa maneno 35,000, na bado ikabidi watu waende wakaangalie ndani. Sisi tulikuwa na nusu ukurasa na herufi isiyokuwepo, na hakuna hata mmoja aliyesema jamani ngoja tumuulize mwenye steshenari.

Hata J.K. Rowling, yule mwandishi wa Harry Potter, 2013, alipojificha kwa jina la Robert Galbraith, gazeti lilishatonywa kwanza, ndo wataalamu wakapewa kitabu wakilinganishe na waandishi wachache, wakasema kinafanana zaidi na vyake. Kinafanana. Aliyemaliza ubishi ni yeye mwenyewe alipokiri.

Haya, mashine. 2012 watafiti walichukua blogu 100,000 wakaipa kompyuta maandishi yasiyo na jina, ikapata mwenyewe moja kwa moja zaidi kidogo ya mara 20 katika kila 100. Inatisha, sibishi, kati ya watu laki moja huko ni kuokota sindano ufukweni Raskazone. Ila maana yake pia karibu mara 80 ilimnyooshea kidole mtu mwingine. Na mashine hairushi hukumu kwenye group usiku.

Sasa niseme, maana nazunguka. Barua niliandika mimi.

Zile h nilizitoa kusudi. Nilijiona mjanja, nikasema nitie makosa ya vijana wasinijue, sikukaa hata dakika kufikiri kwamba yale makosa ya vijana yana mwenyewe, anaishi mtaa wa pili na ananidai hela ya shati.

Shangazi yangu alinipigia kabla hata binti hajajitoa. Shikamoo sijamaliza.

"Barua yako nimeisoma."

Barua gani, shangazi ?

"Mwanangu usinichoshe. Ilhali umeiweka mara mbili. In shaa Allah umeikata vipande vitatu, wenzio wote wanaiunga. Na alama ya kuuliza unaisukuma mbali na neno kama ina upele."

Nikamwambia mbona kuna alafu.

"Hapo ndo umejipaka masizi. Mtu asiyejua h ipo kwenye halafu, ile ya kwenye ilhali kaitoa wapi ?"

Sikuwa na jibu, na ukirudi juu ukasoma hii post utaiona hiyo alama ya kuuliza ilivyo, nimejaribu kuacha nimeshindwa. Ila hata shangazi, na ujuzi wake wote, hakwenda kwenye group kunitaja, alinipigia akaniuliza. Hiyo ndo tofauti yake na wale wenye ndevu.

Binti hapokei simu yangu. Shangazi anasema nisitume meseji, nimfuate pale anapotandika nguo, tena niende na hela ya shati. Nakwenda leo alasiri. Barua ya pili ninayo mkononi, ina jina langu na h zake zote, na hesabu za mfuko wa jamii mpaka muda huu naandika bado hazijasomwa.