Saikolojia kwa madereva ni sawa, ila konda naye afundishwe kuongea

Kila ikitokea ajali kubwa ya basi, wiki hiyo hiyo utasikia madereva wapelekwe darasani, na siku hizi watu wanaongeza kwamba wafundishwe na saikolojia pia, yaani hasira, uchovu, presha ya muda, namna akili inavyomdanganya mtu akiwa kwenye usukani. Mimi naunga mkono kabisa, ila nina wasiwasi na namna tunavyotaka kulifanya hilo jambo.

Tuanze na kinachonifanya niunge mkono. Dereva mzoefu haui watu kwa kutojua gia. Anaua kwa kuamini kwamba yeye anaiweza ile ovateki. Na hili si la Wabongo tu, mwaka 1981 mtafiti wa Sweden, Ola Svenson, aliwauliza wanafunzi wa Marekani wajipime ujuzi wao wa kuendesha na 93% wakajiweka kwenye nusu ya juu, kitu ambacho hesabu zenyewe zinakataa. Sasa mtu wa hivyo ukimuongezea ujuzi mtupu unaweza ukamharibu. Norway waliwahi kulazimisha madereva wapya wajifunze kuendesha kwenye utelezi, na vijana wa kiume wakaanza kupata ajali zaidi kwenye utelezi kuliko mwanzo, maana walitoka pale na kujiamini kulikozidi kile walichojifunza. Kwa hiyo anayesema somo la kichwa ni porojo, tuwaongezee madereva masaa ya barabarani tu, hapo sikubaliani naye.

Lakini upande wa pili nao una hoja nzito, na madereva wenyewe ndio wanaoisema. Suka anaamka saa tisa usiku, saa kumi na mbili asubuhi anatoa gari Mbezi, ratiba iko pale pale, posho anapata kwa trip, bosi anataka gari liwahi kurudi. Huyu unamfundisha nini kuhusu uchovu ambacho mwili wake haujui? Mtu aliyekaa macho masaa 17 anaanza kufanya makosa kama aliyekunywa pombe ya kufikia kipimo ambacho nchi nyingi zinamkamata mtu, hilo limepimwa, na hakuna semina inayoondoa usingizi. Kinachouondoa ni kulala. Ndio maana nikiona darasa la nusu siku, cheti, picha ya pamoja, halafu kesho ratiba ile ile, naona tumemtupia dereva mzigo wote peke yake.

Niliwahi kusafiri Dar kwenda Mbeya nimekaa siti ya pili nyuma ya dereva. Safari ya zaidi ya masaa nane inatakiwa madereva wawili, ila wa pili alikuwa kwenye karatasi tu. Tumepita Makambako jua liko mbele yetu linampiga usoni, nikaanza kumuona anafungua dirisha, anafunga, anajipiga shingoni, anatafuna karanga, na basi linasogea taratibu hadi kwenye mstari mweupe wa pembeni halafu analirudisha ghafla. Konda anaona. Mimi naona. Hakuna aliyefungua mdomo, na kuna kaka nyuma huko anapiga kelele kanyaga mzee tutafika usiku! Aliyetuokoa ni mama mmoja mtu mzima, akasema kwa upole tu, "Mwanangu, simama hapo Igawa tukachimbe dawa, miguu imekufa ganzi." Dereva akasimama, akanawa uso, akakaa chini kivulini kama robo saa, na tukafika salama.

Yule mama hakumwambia dereva amechoka. Alimpa sababu ya kusimama bila kumvunjia heshima. Hiyo ndiyo elimu ninayoitaka, na kwenye ndege walishaipata kwa gharama kubwa mno. Tenerife mwaka 1977 ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia wakafa watu 583, na fundi aliyekaa na marubani ndani ya ndege iliyokuwa inaruka aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani, rubani mkuu akamjibu kwamba ndiyo, ikaishia hapo. Baada ya ajali ya aina hiyo wenzetu waligeuza mafunzo, mdogo anafundishwa namna ya kusema na mkubwa anafundishwa namna ya kusikia. Konda wetu nani kamfundisha? Ni kijana, kula yake ya kesho inategemea dereva amtake.

Abiria nao. Kenya walibandika stika ndani ya matatu zinazomwambia abiria zusha, dereva akiendesha vibaya msemeshe, na watafiti wa chuo cha Georgetown wakafuatilia madai ya bima. Matokeo ya majaribio makubwa yaliyochapishwa 2015 yalionyesha madai yamepungua kati ya 25% na 33%. Kwa stika! Kuna wanaosema kelele za abiria zinamtoa dereva kwenye umakini na nakubali zinaweza, na abiria wa kanyaga mzee bado wapo, ndio maana nasema mtu wa kwanza kufundishwa kuongea awe konda, ambaye anamjua dereva na anajua amekwama wapi.

Na namna ya kufundisha isiwe mtu mmoja kusimama na maikrofoni. Kampuni moja ya simu ya serikali kule Sweden, Televerket, walijaribu njia kadhaa kwa madereva wao, mafunzo, kampeni, bonasi, na vikundi vya madereva kukaa wenyewe kuongelea matatizo yao na kuamua watafanya nini. Vikundi ndivyo vilivyopunguza ajali kuliko vyote. Madereva wetu wakikaa kijiweni wanayasema haya yote, nani alisinzia wapi, nani alikoswakoswa na lori Kitonga, ila hakuna mwenye gari anayewasikia.

Sasa hivi tajiri anaona basi lake kwenye simu lilipo. Dereva akipaki Igawa alale dakika ishirini, simu itaita kuulizwa mbona gari limesimama. Ajibu nini ili kesho bado awe na kazi? Mimi ningeanza darasa na swali hilo, na tajiri awe amekaa benchi la mbele.