Murphy ni msukule wa nani?

Kwenye banda la video kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa ukutani lakini kila mtu aliijua: steringi hafi. Atapigwa, atatoswa mtoni, atafungiwa kwenye nyumba inayoungua, ila dakika za mwisho atatokea tu, shati limechanika begani. Ndiyo maana siku ilipowekwa kanda ya RoboCop, ile ya mwaka 1987 iliyoongozwa na Mholanzi Paul Verhoeven, banda zima liliduwaa. Hata nusu saa haijaisha, steringi kafa. Tena hakufa kifo cha heshima. Majambazi walimlipua mkono kwa bunduki, wakamcheka anavyoyumba, wakammiminia risasi, kisha kiongozi wao akamalizia na ya kichwa. Nyuma yangu mtu akadai arudishiwe hela yake.

Baadaye chuma kikaamka. Tukaonyeshwa kile ambacho macho yake yalikuwa yanakiona: mistari, maandishi ya kompyuta, nyuso za mafundi zinainama na kuondoka. Mkalimani wetu, ambaye kazi yake ilikuwa kutafsiri huku akitafuna karanga, alinyamaza kidogo akitafuta la kusema. Akalipata: "Ndugu zangu, huyu kachukuliwa msukule."

Tangu siku ile nimekutana na mabishano mengi kuhusu steringi huyo, polisi Alex Murphy. Karibu yote yanaishia kwenye swali moja: aliyemo ndani ya lile koti la chuma ni yeye, au ni mtambo uliovishwa uso wake? Sijaona maelezo yanayolizidi neno la mkalimani. Ila silioni likimaliza kesi pia.

Kwa asiyelijua neno hilo, au anayetumia ndondocha: msukule ni mtu anayesadikiwa kufa, akazikwa, watu wakalia, kumbe kilichoshushwa kaburini ni mgomba uliovishwa sanda. Mwenyewe yuko kwa mchawi. Hana kauli, analishwa pumba, usiku anapelekwa shamba. (Imani hii imewaponza wagonjwa wa akili waliokutwa wakizurura wakaitwa misukule, kwa hiyo hapa naichukua kama hadithi tu.)

Sasa tazama filamu. Detroit ya siku zijazo imefilisika kiasi kwamba polisi wake wako chini ya kampuni binafsi, Omni Consumer Products, OCP kwa kifupi. Kampuni inataka kuuza polisi wasiolala. Roboti lao la kwanza, ED-209, linaletwa mbele ya wakubwa kwa majaribio na kumuua mfanyakazi wa kampuni hapo hapo kwenye chumba cha mkutano. Kijana mmoja mwenye tamaa, meneja Bob Morton, anapata nafasi ya kupenyeza mradi wake: kuchukua mwili wa polisi aliyekufa na kuujengea chuma. Polisi huyo atapatikana wapi? Morton anaeleza bila haya kwamba wameshawapanga upya askari na kuwapeleka wale wanaofaa kwenye vituo vya hatari. Murphy ni mgeni kituoni, kahamishwa juzi tu. Katika hadithi za misukule mchawi hasubiri mtu afe kwa Mungu, anamchagua kwanza. Na RoboCop, jina analopewa Murphy akishavishwa chuma, analishwa uji mzito unaotoka kwenye mashine, kama chakula cha mtoto mchanga. Pumba kabisa.

Upande unaosema huyu ni mashine una hoja nzito, na wanaomshangilia Murphy huzipita haraka mno. Madaktari wanafanikiwa kuokoa mkono wake mmoja. Wanamwonyesha Morton wakidhani watasifiwa. Anauliza kwa nini wameubakiza wakati walikubaliana mwili wote uwe wa bandia, kisha anaagiza uondolewe. Mkubwa mwenzake kwenye kampuni hana shida: Murphy alitia saini karatasi alipojiunga na kazi, na kisheria ni maiti. Mkono mzima wenye damu unatupwa kwa sababu hauendani na mchoro. Wanasahau pia kumwachia jina. Anapewa amri tatu, kuutumikia umma, kuwalinda wasio na hatia na kuisimamia sheria, na ya nne iliyofichwa. Mwenzake wa zamani, Anne Lewis, anapomsimamisha kwenye korido na kumuuliza kama ana jina, anamjibu kwa ule upole wa mashine ya benki: nikusaidie nini, afande? Kisha anaaga kwamba lazima aende, mahali fulani kuna uhalifu unatendeka.

Ukizungumza na mtu wa namna hiyo kwa simu, utakata.

Kuna jambo jingine zito zaidi, na amelisema Murphy mwenyewe. Akiwa amejificha na Lewis kwenye kiwanda cha chuma kilichotelekezwa, kofia kaivua na uso umebaki kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma, anaulizia mkewe na mwanawe. Anaambiwa walihama baada ya mazishi. Jibu lake ni kwamba anaweza kuwahisi, lakini hawakumbuki. Anayesema Murphy kafa anaweza kufunga faili hapo. Kilichobaki kinajua kwamba palikuwa na kitu, kama ukuta unavyobaki na alama ya picha iliyobanduliwa. Alama si picha.

Upande wa pili unaanzia kwenye kidole. Murphy alipokuwa hai alikuwa na mazoea ya kuizungusha bastola kabla ya kuirudisha kwenye ala, kwa sababu mwanawe alikuwa shabiki wa polisi wa kwenye runinga anayefanya hivyo, na mtoto anataka kuamini baba yake anaweza. Siku ya kwanza ya RoboCop kwenye uwanja wa shabaha, akishamaliza kuteketeza sanamu la karatasi, anaizungusha bastola na kuipachika pajani. Hakuna fundi aliyemwekea programu hiyo. Lewis anaona, na anajua. Katika hadithi zetu, ndugu anayekutana na msukule humtambua hivyo hivyo: kovu, mwendo, namna ya kushika jembe.

Kisha anaota. Mtambo uliozimwa kwa usiku unaota kifo chake, unaamka, unatoka kituoni bila kutumwa. Jambazi mmoja aliyeshiriki kumuua anamtambua kwenye kituo cha mafuta kwa maneno yake yale yale, anapiga kelele kwamba wewe tulikuua. Kutoka hapo anatafuta kumbukumbu za polisi mwenyewe, anaona jina lake na neno "marehemu", na anakwenda nyumbani. Nyumba ni tupu, imewekwa sokoni. Kwenye skrini ndogo ukutani dalali aliyerekodiwa anamtembeza chumba kwa chumba akisifia jiko. Murphy anampiga ngumi dalali, yaani skrini. Hakuna kati ya zile amri nne inayomtaka apige skrini.

Hapa mwigizaji Peter Weller anastahili sifa yake. Alifundishwa miondoko na Moni Yakim, mwalimu wa uigizaji bubu, na matokeo yake ni kwamba kichwa hugeuka kwanza, mabega yakafuata, kama mtu anayeuburuta mwili wa mwingine. Unaona mawili hayo yakigombana katika kila hatua bila mtu kusema neno.

Kiswahili nacho hakikuruhusu ukae katikati. Ukisema RoboCop anatembea umeshahukumu. Ukisema inatembea umehukumu vilevile. Lugha yetu ina msimamo wake: kifaru na kiboko wana ki- kama kiti na kijiko, lakini husikii mtu akisema kifaru kinakula majani. Palipo na uhai, uhai unaushinda umbo la neno. Inapofika kwenye maiti ndipo tunapoyumba. Wengine husema maiti amezikwa, wengine maiti imezikwa, na katika msiba mmoja utasikia yote mawili. Murphy yuko kwenye yumbo hilo hilo. Nakumbuka mkalimani alianza na "kinakuja, kinakuja hicho!", na kufika kwenye ile nyumba tupu akawa anasema "anaingia". Hakujisahihisha, alihama tu.

Mimi mwenyewe kwa miaka nilikuwa upande wa kidole na ndoto. Kilichonitikisa ni ile amri ya nne. Inamkataza kumkamata mkubwa yeyote wa OCP. Murphy anakwenda kumkamata Dick Jones, kigogo aliyekuwa akiwalinda wale majambazi, na mwili wake unamgoma. Anaanguka kama aliyekatwa umeme. Mwishoni anarudi kwenye ule ule mkutano wa wakubwa, anaonyesha ushahidi, na bado hawezi kunyanyua mkono. Jones anamshika mateka mwenyekiti wa kampuni, mzee ambaye filamu haimpi jina, inamwita Mzee tu. Mzee anamfukuza kazi Jones papo hapo. Jones si mkubwa wa OCP tena, amri inalegea, Murphy anafyatua. Mzee anamsifu kwa shabaha, anamwita mwanangu, anamuuliza jina. Anajibu kwa tabasamu: Murphy.

Banda lilipiga makofi hadi mabati yakalia. Lakini hebu rudisha mkanda nyuma kidogo. Mtu huyu tunayemshangilia kwa kuupata utu wake amemuua adui yake kwa kibali cha mwajiri. Bila lile tamko la kufukuza kazi, angesimama pale kama kabati. Jina amelipata. Amri imo kichwani mwake vilevile, na aliyemuuliza jina ndiye mwenye kampuni iliyoutupa mkono wake.

Kwa hiyo nikaanza kutazama jambo ambalo pande zote mbili hulipita: nani anafaidika na kila jibu. Katika filamu ya pili, ya 1990, Murphy anapita pita na gari karibu na kwa mkewe. Kampuni inaogopa kesi. Watu wake wanamweka kiti moto mpaka akiri kwamba yeye ni mashine, kisha wanamleta mke. Mke anamgusa uso. Murphy anamwambia kwamba uso huu uliwekwa kwa heshima ya mumewe, kwamba mumewe amekufa, kwamba yeye hamjui. Siku hiyo faida ya kampuni ilikuwa kwenye "kitu".

Njoo sasa kwenye filamu ya 2014 ya Mbrazili José Padilha, iliyoisimulia hadithi upya. Humo sheria ya Marekani inakataza roboti kulinda mitaa, kwa hiyo kampuni inahitaji mtu ndani ya chuma. Wanambakizia Murphy kumbukumbu, familia, hata mkono mmoja wa nyama wa kupeana na watu. Tatizo ni kwamba anasitasita anapopiga risasi. Daktari anatengeneza suluhisho: kwenye mapambano kompyuta inashika usukani, huku Murphy akiamini kwamba uamuzi ni wake. Safari hii faida iko kwenye "mtu", tena mtu anayejisikia huru.

Katika filamu hiyo mpya Murphy anazuiwa na mfumo asimdhuru mkuu wa kampuni, anakaza roho, anaushinda mfumo na kufyatua. Watazamaji wengi wanapenda mwisho huo. Mimi naona ni mwepesi. Unataka tuamini kwamba minyororo ya aina hii hukatwa kwa kukaza roho, wakati huko nyuma filamu hiyo hiyo imetuonyesha kwamba hata huko kukaza roho kunaweza kuwa kumepangwa na fundi. Ile ya 1987 ilimwacha akiwa na jina na amri kwa pamoja, na kwa hilo naiamini zaidi.

Msukule, basi? Mlinganisho una tobo kubwa. Msukule wa hadithi ana mwili wake wote. Kilichoibwa ni akili na kauli. Murphy kaporwa mwili, na akili ikarudi vipande vipande. Wa hadithi akirudishwa kwao huoshwa, huombewa, hufundishwa tena kula ugali. Hakuna cha kumvua Murphy bila kumuua mara ya pili. Na kuna jambo baya zaidi: Murphy anaipenda kazi yake. Alikuwa polisi mzuri kabla ya kifo, na zile amri tatu za kwanza angeweza kuziandika mwenyewe. Mchawi amemkamata kwa kitu alichokuwa akikipenda, na hapo hata yeye asingeweza kukuonyesha mpaka uko wapi.

Lakini hakuna anayesimulia habari za msukule kwa kuuliza kama yule bado ni mtu. Watu huuliza yuko kwa nani. Kwa Murphy jibu linajulikana tangu dakika za mwanzo, limeandikwa kwenye jengo refu kuliko yote mjini, na ajabu ni jinsi tunavyobishana kuhusu roho yake huku jengo likiwa nyuma yetu.

Kanda ilipoisha siku ile, kijana mmoja aliyekaa chini, karibu na runinga, alimuuliza mkalimani kama sasa jamaa anarudi kwao. Mkalimani alikuwa ameshaanza kurudisha mkanda nyuma kwa ajili ya onyesho la saa kumi na mbili.

"Kwao wapi?" alisema. "Hukuona kibao? Nyumba inauzwa."