Moto anausifia anayeuota

Kila ukifika mwezi wa kumi, wazee ninaowahudumia hapa Dresden huanza kunionea huruma. Mmoja atanishika mkono wakati namfunga vifungo vya sweta lake, aniulize kama nimeshapata koti zito, maana mtu wa Afrika na baridi wapi na wapi. Zamani nilikuwa naeleza. Nilikuwa natoa simu naonesha picha za kwetu Isongole, ukungu umelala juu ya mashamba ya viazi saa nne asubuhi, watoto wa shule wamevaa masweta mawili mawili na kofia za sufu. Siku hizi nacheka tu, nasema ndiyo, nimepata koti. Mtu amekuonea huruma kwa moyo safi, umnyang'anye ya nini?

Kwa wasiopajua, Isongole ni huko juu, mkoani Mbeya, katika barabara ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu, kabla hujateremkia Kiwira. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya pale haina mzaha. Mtu wa Dar akishushwa kwenye basi alfajiri na kandambili zake, atakumbuka dini yake.

Sasa, mwishoni mwa mwaka Watanzania tulioko huku hukutana nyumbani kwa mmoja wetu, tunapika pilau, na kila mtu anataja kitu kilichompa raha mwaka huo. Wengi hutaja makubwa. Mwenzetu kapata kibali cha kudumu, mwingine nyumba yake ya Dodoma imefika lenta, mwingine binti kahitimu. Ilipofika zamu yangu nikasema: kuota moto. Wakacheka mpaka mwenye nyumba akaogopa jirani atagonga ukuta. Ngoja nieleze, maana pale sikupewa nafasi.

Mwaka huu nilienda nyumbani wiki tatu, baada ya miaka minne. Kutoka Dar nilipanda basi badala ya ndege ya Songwe, na sijutii. Kuna jambo hutokea kwenye lile basi ambalo sijawahi kumsikia mtu akilisifia. Ukiwa Mikumi, madirisha yote yako wazi. Ruaha Mbuyuni watu wananunua vitunguu kupitia dirishani, jasho linawatoka. Basi linapanda mlima Kitonga taratibu, kona baada ya kona, na ukishafika juu unasikia dirisha la kwanza linafungwa. Halafu la pili. Kabla ya Mafinga basi zima limefungwa, kina mama wanafungua mabegi wanatoa vitenge na masweta, na mtu ambaye hamjasemeshana tangu Dar anakwambia, "Eeh, tumeshafika kwetu." Hatujafika, bado tuna safari ndefu, lakini wote mle ndani tunajua anamaanisha nini. Dirisha langu nililifunga mwisho kabisa, kwa makusudi.

Halafu huo moto. Jioni dada yangu anakoka jiko la mkaa nje, anapepea kwa kipande cha ndoo ya plastiki, anangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha analibeba kuliingiza sebuleni. Mlango unaachwa wazi kidogo, hilo mama hana utani nalo, kwa sababu watu wamekufa kwa kujifungia na jiko la mkaa. Basi hapo wanakuja wote. Wapwa zangu wadogo na madaftari yao, miguu wameinyoosha kwenye jiko. Paka. Shangazi wa nyumba ya pili anakuja kuomba chumvi saa moja, anaondoka saa tatu na nusu, chumvi ameisahau. Viazi vinafukiwa kwenye jivu. Mazungumzo yenyewe hayana maana yoyote ya kuandika hapa. Shangazi alisimulia habari ya mbuzi aliyeingia kanisani mara tatu katika wiki tatu, na kila mara mbuzi yule alikuwa mkubwa zaidi. Lakini sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa saa mbili unusu na watu wanane bila yeyote kutazama muda.

Huku kila chumba kina hita yake chini ya dirisha. Unazungusha kitasa, joto linapanda. Mwanangu mkubwa yuko chumbani kwake, mdogo kwake, mke wangu sebuleni, mimi jikoni. Wote tuna joto zuri, na kwa sababu hiyo hakuna anayemhitaji mwenzake. Ukimwita mtoto aje sebuleni anauliza, "Kuna nini?" Swali la haki kabisa. Hakuna kitu. Ndiyo maana nilikuwa nakuita.

Hayo ndiyo niliyotaka kuyasema kwenye pilau, na kwa miaka mingi ningeishia hapo, nikavuta pumzi ya masikitiko, nikalaani Ulaya. Sisi tulioko nje tunapenda sana wimbo huo. Tatizo ni kwamba wiki ya pili nilifanya kosa la kuyasema hayo hayo mbele ya dada yangu, pale pale motoni. Alikuwa anageuza makaa, wala hakunitazama.

"Kaka, moto unausifia wewe unayeuota. Mwulize anayeukoka."

Mama akasema, "Mwache kaka yako, ni mgeni." Neno mgeni likanichoma kuliko la dada.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikaamka mapema nione. Saa kumi na moja na nusu dada alikuwa nje tayari, kajifunga mtandio puani, anakohoa kikohozi kile ambacho nilikuwa nadhani ni cha mafua. Nikamwambia aniachie nikoke mimi. Nilipepea mpaka mkono ukaingia ganzi, nikajaza moshi uwanja mzima, na mtoto wa darasa la tatu ndiye aliyekuja kunionesha kwamba vijiti nimeviweka juu ya mkaa badala ya chini. Maji ya kuoga ya mama yalichemka saa mbili kasoro. Huku Dresden, saa kumi na moja alfajiri nikitoka zamu ya usiku nafungua bomba na maji ya moto yanatoka, hakuna dada wa mtu aliyeamka kwa ajili yangu. Hiyo nayo ni raha, na mwaka mzima sikuihesabu hata mara moja.

Mtu ataniuliza, gesi je? Gesi ipo. Mtungi umekaa pembeni ya kabati, umevalishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na unatumika wageni wakija ghafla. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya kaya ifikapo 2034, na mimi nauunga mkono kwa mikono miwili, hasa baada ya asubuhi ile. Ila lisome vizuri hilo neno la mwisho, kupikia. Kwetu jiko lina kazi mbili. Gesi inachemsha chai lakini haimwoteshi mtu, na ukimaliza kupika kwa gesi mwezi wa saba, bado utakoka mkaa. Nadhani hesabu ile ilifanyiwa mahali ambapo feni ilikuwa inazunguka.

Na hapa ndipo nilipofika baada ya kulichekecha jambo hili. Lawama ziende kwenye nyumba zetu. Sisi wa nyanda za juu tunajenga nyumba za Dar. Ramani inatoka Dar, madirisha makubwa ya alumini yanayopitisha upepo, sebule ya vigae iliyo baridi kama bucha, dari juu, na hakuna hata sehemu moja ya kuwashia moto. Kisha tunaingiza jiko la mkaa katikati ya vigae na kuomba Mungu mlango usije ukafungwa na mtoto. Bibi yangu aliyekufa kwenye nyumba ya udongo alilala na joto kuliko mama anayelala kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma niliyomjengea mimi. Naandika haya nikiona aibu, lakini ndivyo ilivyo.

Wakoloni walilijua hili. Siku moja nilikuwa Mbeya mjini kufuatilia mambo ya benki, nikapita Uzunguni chini ya mlima Loleza, nikasimama kuangalia zile nyumba za zamani. Juu ya mapaa zina dohani. Walitoka nchi za baridi, wakakuta baridi, wakajenga sehemu ya moto ukutani na njia ya moshi juu yake. Sisi tulirithi nyumba zile, tukaziba matundu, tukaweka makabati ya vyombo.

Niliporudi barabarani Isongole jioni ile nilikuwa tayari na wazo, ila kulifikisha nyumbani kulichukua muda. Kutoka kituoni hadi kwetu ni mwendo wa dakika kumi. Nilitumia karibu saa nzima, kwa salamu za Kinyakyusa. "Ugonile?" "Ndaga." "Umekuja lini? Watoto? Mama yao?" Hatua tano, mwingine. "Ugonile?" Huku naendesha baiskeli kandokando ya mto Elbe kila siku ya mapumziko, kilomita ishirini, bila kuulizwa chochote na kiumbe yeyote, na nitakuwa mwongo nikisema hainipendezi. Kuna siku mtu anachohitaji ni kutosalimiwa. Lakini jioni ile, mkononi nina mkate na sukari, watu wakaniuliza mpaka afya ya wazee wa Dresden ninaowauguza, ambao hawatawaona kamwe.

Nilimchorea mama kwenye karatasi ya benki. Chumba kidogo kiongezwe upande wa nyuma, kiegemee ukuta wa jikoni, sehemu ya moto ya matofali, dohani itoke juu ya bati. Madirisha madogo. Mama alitazama mchoro akauliza shangazi atakaa wapi. Nikaongeza benchi.

Pesa nimetuma mwezi uliopita, baada ya mvua kuchelewa kidogo na fundi kupata nafasi. Juzi Jumapili dada akanipigia. Nje kwangu kulikuwa na nyuzi joto mbili, yeye akasema kwao kuna ukungu lakini si mbaya, amevaa lile koti nililomwachia. Msingi umeshafika usawa wa ardhi. Ila fundi amekwama kwenye chimni.

"Amekwama vipi?"

"Anauliza kama kaka yetu anarudi kulima tumbaku. Anasema hajawahi kuona nyumba ya kulala watu ina bomba kama la bani la kukaushia tumbaku kule Chunya."

Nikacheka, nikamwuliza yeye amemjibu nini.

"Nimemwambia ajenge tu. Lakini kuni ukija utapasua wewe."