Anayefika Kwanza Hana Vazi la Kinga

Mei 2025 lori lililobeba sianidi ya sodiamu lilipata ajali kwenye barabara ya Nairobi–Nakuru, kaunti ya Kiambu, na pipa moja likapotea. Serikali ya Kenya ikatangaza tahadhari kwamba atakayeliona asiliguse wala asilifungue. Sianidi si kitu kigeni kwetu Tanzania. Ndiyo inayotumika kuchenjulia dhahabu. Ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua kwa dakika chache, na hata unyevu wa kawaida huanza kuitoa gesi hiyo polepole.

Lori la namna hiyo likipinduka, nani hufika kwanza? Ni utingo aliyejikokota kutoka kwenye kabini, vijana wa bodaboda, mama aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara, kisha trafiki na fulana yake ya kung'aa. Zimamoto watafuata. Gari la wagonjwa nalo litakuja, mafuta yakiwapo. Mkemia mwenye kinyago na mtungi wa hewa ndiye wa mwisho, kama atakuja siku hiyo.

Kwa hiyo fedha za kufundisha uokoaji wa ajali za kemikali, vijidudu na mionzi ziende kwa nani? Wapo wanaotaka kikosi maalumu, kidogo, chenye vifaa kamili na mazoezi ya kila mara. Wapo wanaosema gawa maarifa ya msingi kwa kila askari wa barabarani na kila muuguzi wa zahanati. Mimi nimeegemea hawa wa pili, lakini hoja za wale wa kwanza si za kupuuzwa, na yenye nguvu kuliko zote inatoka Brazil.

Septemba 1987, katika mji wa Goiânia, waokota vyuma chakavu walibomoa mashine ya kutibia saratani iliyoachwa kwenye kliniki iliyohamwa. Ndani mlikuwa na unga wa mionzi, siziamu-137, uliong'aa rangi ya buluu gizani, na watu wakagawiana kama zawadi. Walipoanza kuugua, mke wa mwenye yadi ya vyuma chakavu akayatia mabaki ya kile kifaa kwenye mfuko, akapanda basi, akaupeleka ofisi ya afya. Kesho yake mwanafizikia mmoja aliazima kipimo cha mionzi. Mshale ulipanda hadi mwisho kabla hajafika pale, akadhani kipimo kibovu, akarudi kuchukua kingine. Aliporejea alikuta zimamoto wameshaitwa na wanajiandaa kukichukua kile kitu wakakitupe mtoni. Akawazuia. Watu 4 walikufa, zaidi ya 112,000 wakapimwa, na 249 wakakutwa wamechafuliwa na mionzi.

Wale zimamoto hawakuwa wazembe. Waliitwa, wakaja, wakataka kuondoa hatari mbele ya watu kama walivyofundishwa. Ushujaa wao ungeimaliza mito. Kwa mtetezi wa kikosi maalumu, hapo ndipo elimu ya juujuu inapofikia ukingo: mionzi haionekani wala hainuki, na bila kipimo na mtu anayekijua, wengine wote wanapapasa. Kwetu, ambako biashara ya vyuma chakavu iko kila mtaa, hadithi hiyo haiko mbali kama ramani inavyoonyesha.

Lakini tazama Tokyo. Tarehe 20 Machi 1995 gesi ya sumu ya sarini iliachiliwa kwenye treni za chini ya ardhi. Kati ya wahudumu 1,364 wa magari ya wagonjwa waliokwenda kuokoa, 135 walipata dalili za sumu wao wenyewe, wengi kwa kuvuta hewa iliyotoka kwenye nguo za wagonjwa waliowabeba. Hospitali ya St. Luke's ilipokea watu 640 siku hiyo, na sehemu kubwa yao walijileta, kwa miguu au kwa teksi. Nchi tajiri yenye jeshi lenye wataalamu wa kemikali ilijikuta mstari wa mbele ni mapokezi ya hospitali. Hakuna kikosi kinachoweza kumtangulia mwenye teksi.

Na kwa vijidudu ni hivyo hivyo. Ugonjwa wa virusi wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera Machi 2023, kati ya watu 9 waliohesabiwa kuugua, wawili walikuwa wahudumu wa afya, na mmoja wao akafa. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Mgonjwa anayetapika damu hamsubiri mtaalamu. Anashikwa na muuguzi aliye zamu, kwa glovu zilizopo kama zipo.

Ninachoona kinafaa kufundishwa kwa watu wengi ni kidogo sana, na karibu chote ni kujizuia. Simama mbali. Tafuta upepo unatoka wapi, ukae upande unakotoka. Soma kibao cha rangi ya chungwa kilichobandikwa kwenye lori: 1203 ni petroli, 1689 ni sianidi ya sodiamu. Piga simu utaje namba hiyo. Watu waondoke. Trafiki anayejua hayo ameokoa wengi kuliko anayekimbilia kuvuta majeruhi. Pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la petroli lilipopinduka na umati ukaja na madumu, zaidi ya watu 100 walikufa. Hapakuhitajika suti ya kemikali. Palihitajika watu wachache wenye mamlaka, kamba, na ujasiri wa kutukanwa na umati.

Hapo nakutana na pingamizi ninaloliogopa kweli: elimu ya siku moja humpa mtu kiburi. Amepewa cheti, amepigwa picha na kinyago, sasa anaamini anaweza kuingia. Huko Madrid mwaka 2014 muuguzi msaidizi wa hospitali kubwa aliambukizwa Ebola, na inaaminika aligusa uso kwa glovu wakati wa kuvua mavazi ya kinga. Kuvaa hujifunzwa asubuhi moja. Kuvua hudai kurudiwa kila mwezi, mwenzako akikutazama na kukusemesha hatua kwa hatua. Kwa hiyo mafunzo ya wengi yasiguse vazi kabisa. Anayefundishwa kusimama mita 100 na anayefundishwa kuingia wapewe kozi tofauti, na yule wa kwanza aambiwe waziwazi kwamba yeye si wa kuingia.

Jambo moja silisikii likizungumzwa. Aliyemwagikiwa kemikali, tiba ya kwanza ni kuvua nguo. Sehemu kubwa ya sumu huondoka nazo kabla hata ya maji. Sawa. Sasa mvue mama mwenye baibui kando ya barabara ya Chalinze, mbele ya madereva wa malori na simu 50 zinazorekodi. Atakataa, na mumewe atakataa zaidi, na wote watabaki na sumu mwilini. Miongozo mingi imeandikwa na watu ambao kwao hema la kuvulia linafika pamoja na gari. Kwetu stara ndiyo kifaa cha uokoaji: turubai, wanawake wanne wa kushika pembe, mikasi ili nguo isipitishwe usoni, na kanga kavu za kumfunika. Gharama yake ni ndogo. Zimamoto wenye askari wanawake zamu zote watafanya kazi hii vizuri kuliko wenye suti 10 za kisasa ambazo, kwa joto la Dar es Salaam, mtu hazivumilii nusu saa.

Kuhusu fedha, nyingi hutoka nje. Umoja wa Ulaya una sekretarieti ya kanda ya mpango wake wa hatari hizi jijini Nairobi, na shirika la kuzuia silaha za kemikali lililoko The Hague hufundisha waokoaji wa Afrika. Wanaolalamika husema tunafundishwa kuogopa magaidi huku malori ya asidi yakipita mlangoni. Wana haki kidogo. Lakini vifaa havina itikadi. Januari 2025 Marburg iliporudi Kagera, sampuli ilipimwa kwenye maabara inayohamishika ya Kabyaile, hapo hapo mkoani, kisha ikathibitishwa Dar es Salaam. Huo ni utaalamu wa juu uliosogezwa karibu na muuguzi, na unanifanya nisikatae kikosi maalumu. Nakataa tu kiwe cha kwanza kwenye bajeti.

Nimewahi kukaa nyuma ya ukumbi wa semina ya namna hii, hotelini. Slaidi zote zilikuwa za Kiingereza. Mbele walikaa maofisa, wengi wao hawatakanyaga eneo la ajali. Karibu yangu alikaa sajenti wa usalama barabarani aliyeandika namba tu, moja baada ya nyingine, safu mbili nzima. Wakati wa chai aliniuliza kama 1005 ni amonia au klorini. Nilikuwa sijui. Alifungua ukurasa, akaiwekea alama ya kuuliza, akaenda kumtafuta mwezeshaji.